Tangazo Walilolisikia Kuku

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, Chiriku alimbebea mama yake mkoba hadi kwenye gari la matangazo. Mama alikuwa afisa uhusiano wa wilaya. Binti yake alipewa jina la utani la Chiriku, yule ndege wa kelele, kwa sababu hakujua kunyamaza.

Siku hiyo mama alikuwa na wasiwasi. Ng'ombe wa wafugaji walikuwa wamekula mahindi machanga, na wakulima wakaziba kwa miiba njia ya kwenda bwawani. Mkutano wa usuluhishi ulipoitishwa, hakutokea mfugaji hata mmoja.

“Wametudharau,” alifoka jirani yao, mkulima. “Kesho wakithubutu kupita, tutapigana!”

“Subiri kwanza, kaka,” mama alimsihi.

Darasani, Chiriku alimgeukia rafiki yake, binti wa mfugaji. “Wewe, mbona baba yako alisusia mkutano?”

“Mkutano gani?”

“Usinichezee! Gari la mama lilipita kwenu mchana, spika nusura ipasuke.”

Rafiki yake aliangua kicheko. “Mchana? Baba huwa malishoni, mama huwa sokoni na maziwa. Nyumbani wanabaki kuku tu!”

Chiriku alirudi nyumbani mbio, akaeleza yote. Mama alishika kichwa. “Kumbe nimewatangazia kuku!”

Jioni hiyo aliwafuata wafugaji malishoni kwa miguu, bila kipaza sauti. Aliwasalimu, akaketi, akawasikiliza.

“Mifugo ina kiu, dada,” alisema baba wa yule rafiki. “Tulidhani wakulima wametufungia njia kwa chuki tu.”

“Nao wanadhani mmewadharau. Njooni tukutane nao alfajiri, kabla ya kwenda malishoni.”

Walikuja wote, wafugaji na wakulima. Mfugaji yule aliomba radhi kwa mahindi yaliyoliwa, akaahidi kuleta samadi shambani. Walikubaliana kuhusu njia moja ya mifugo, kando ya mashamba. Jirani, aliyetaka vita jana, ndiye aliyeanza kuondoa miiba.

“Ahsante sana, dada,” alisema mfugaji.

“Mshukuru huyu. Ndiye aliyeuliza.”

“Ahsante, mwanangu. Umetuepusha na mengi.”

Chiriku aliinama kwa haya. Kwa mara ya kwanza, alikosa la kusema.

Mama alimshika bega. “Nami nakushukuru. Nilitangaza, nikadhani kazi imekwisha. Kumbe ujumbe ni lazima umfikie mtu mahali alipo, na kabla ya kumlaumu, tumuulize.”

Mbele yao, bwawani, ng'ombe walikuwa tayari wakinywa maji.