Umenusa?

Sanduku la kuni kando ya jiko lilikuwa limejaa pomoni, na Delmer hakuwa amelijaza. Mama yake, Orlena, alikuwa hajainuka kitandani tangu theluji ianze, na katika nyumba ile ya milimani Kentucky hapakuwa na mtu mwingine.

Akaokota ukuni mmoja akaunusa, kama alivyozoea tangu utotoni. Ulinukia utamu wa chai ya mizizi. Ulikuwa msasafrasi, mti wa porini ambao mizizi yake huchemshwa chai. Akautupa sakafuni. Bondeni kwao kila mtoto aliyetumwa kuni alifundishwa kunusa kabla ya kuziingiza ndani, maana anayechoma msasafrasi jikoni humuua mama yake. Orlena alikuwa akisimama mlangoni na mwiko wake, swali ni lile lile kila jioni: umenusa? Aliyesitasita alirudishwa kwenye baridi na mzigo wake wote. Delmer alikuwa akinung'unika sana siku hizo, lakini sasa, mzee mwenye mvi, alizikumbuka kwa raha.

Alizitupa kuni zote korongoni. Kesho yake sanduku likajaa tena, na mchana kweupe shoka likasikika nyuma ya ghala, likifuatwa na kikohozi kizito cha vumbi la makaa ya mawe, kile kile ambacho baba yake, Hobart, mchimba mgodi, alikwenda nacho kaburini.

Akamwendea Bi Zettie, mkunga wa zamani aliyejua kufukuza vitu vya namna hiyo. Bi Zettie alimsikiliza huku akimenya viazi, kisha akaweka kisu chini.

"Baba yako hakuletei kuni," alinong'ona. "Amemfuata mkewe. Ila maiti hawezi kuwasha moto, Delmer. Anangoja mkono wako."

"Sasa nifanyeje, bibi?"

"Si una kile kibastola unachotupigia nacho kelele kila Jumamosi? Kitie sarafu ya fedha badala ya risasi. Umpige. Na usije ukamwita baba."

Bastola hiyo ya kizamani, inayoshindiliwa baruti kupitia mdomo wa mtutu, ndiyo ilikuwa starehe yake kubwa. Alipenda kuishindilia taratibu, alipenda mshindo wake na lile wingu la moshi mweupe, hata Orlena akilalamika kwamba ameletewa tena harufu ya mayai viza. Na kila alipomaliza kuipiga aliiosha papo hapo kwa maji yanayochemka, kwa kuwa baruti ya kizamani ikiachwa hula chuma.

Alasiri ile alijibanza ukutani mwa ghala, akisikia shoka likipanda na kushuka mahali pasipo na mtu, na theluji ikididimia kwa nyayo zisizo na miguu, zikigeuka, zikimjia, na kikohozi kikamkaribia hadi akahisi pumzi yenye vumbi shavuni, na neno lile alilokatazwa likamjaa kinywani, akaling'ata, akavuta kifyatulio.

Moshi ukamfunika. Ulipotawanyika, shoka lilikuwa limelala kwenye theluji na bonde lilikuwa kimya. Alicheka peke yake kama mtoto. Mama angeuona mwaka mpya.

Akaingia ndani, masikio yakivuma, pua imejaa baruti. Bastola ilihitaji kuoshwa. Akateka maji, akachota kuni sandukuni akazitia jikoni, akateleka birika, akaanza kuichangua bastola mezani huku akipiga mluzi.

"Delmer." Mama yake alimwita kutoka chumbani, kwa sauti ya ujana wake, ile ya mlangoni na mwiko. "Umenusa?"

Mluzi ukamfia mdomoni. Asubuhi alikuwa amezitupa tena kuni zote, akaliacha sanduku tupu.

Alichomoa magogo motoni kwa mikono mitupu, ngozi ikimbabuka, akayarusha nje kwenye theluji, akakimbilia chumbani akimwita mama, mama, mama. Orlena alikuwa amelala chali, macho wazi, hapumui. Alikuwa amesogea ukutani, kama alivyokuwa akisogea zamani kumpisha mumewe, na upande wa pili wa kitanda godoro lilikuwa limebonyea, na juu ya mto kulikuwa na vumbi jeusi la makaa ya mawe.