Bandi Iliyofumuliwa Mapema

Siku mama alipofariki, mashati tisa yalikuwa yametundikwa dukani bila vifungo. Baba alishona, mama alitia vifungo. Ndivyo walivyofanya kazi miaka thelathini na minane. Baba aliyatazama mashati yale, akafunika cherehani, akaketi.

Miezi ikapita, amekaa tu. Chakula alikionja na kukisukuma. Wateja waliita, hakuitika. Bintiye, mwalimu wa watoto wadogo, alidhani ni msiba tu, utapoa. Haukupoa. Hatimaye alimpeleka zahanati.

"Huu ni ugonjwa wa sonona," daktari alisema. "Ni huzuni nzito isiyoondoka. Humnyima mtu usingizi, hamu na nguvu. Inatibika."

Baba akapewa vidonge, kimoja kila asubuhi, na siku ya kuzungumza na muuguzi kila mwezi.

Taratibu akarudi. Cherehani ikaanza kusikika. Mteja mmoja mwenye mdomo alimwambia, "Fundi, suruali yangu uliipokea mwanangu hajazaliwa. Sasa anatembea!"

"Basi mlete nimpime yeye," baba akajibu. "Wewe na kitambi hicho haikuingii tena."

Binti aliposikia kicheko cha babake, alijificha nyuma ya mlango akalia.

Miezi mitatu baadaye baba aliisukuma pakiti ya vidonge.

"Mwanangu, nguo ikishashonwa, bandi hufumuliwa. Mimi nimeshashonwa."

Binti akacheka. Ule uzi wa kushikiza kitambaa kwa muda aliujua tangu utotoni, na maneno yakamwingia. Nani hunywa dawa ilhali ni mzima? Akaiweka pakiti juu ya kabati. Zahanati hawakwenda tena.

Wiki ya sita cherehani ikanyamaza. Baba aliacha kunyoa ndevu. Asubuhi moja, binti akimkorogea chai, baba alisema polepole, "Mama yako ametangulia. Sijui mimi nangoja nini."

Binti aliweka kijiko chini. Hakumwambia jikaze. Alimvalisha koti, wakaenda zahanati.

Muuguzi, mama wa makamo, alimsogelea baba na kiti chake.

"Mzee wangu, unawaza kujidhuru?"

"Kujidhuru, hapana. Nimechoka kuamka."

"Ahsante kwa kuniambia. Wazo la kujidhuru likija, mwambie binti yako papo hapo, mje saa yoyote."

"Kosa ni langu," binti alisema. "Nilidhani dozi imekwisha."

"Wengi hudhani hivyo, mwanangu. Lakini mzee, nifundishe. Bandi unaifumua lini?"

"Mshono wa mashine ukishapita wote."

"Na ukiifumua mshono uko katikati?"

"Kitambaa kinateleza," baba akasema.

"Ndicho kilichotokea. Ulipojisikia vizuri, ulikuwa katikati. Sonona ina tabia ya kurudi, hasa umri ukienda. Dawa iliyokuinua ndiyo pia inayoizuia isirudi. Ukipata nafuu, endelea nayo angalau mwaka. Wengine huhitaji zaidi. Na kuacha hupangwa na daktari, kidogo kidogo, si ghafla."

Baba aliitazama mikono yake. "Dawa hizi si zitanifanya nimsahau mke wangu?"

"Kidonge hakimjui mkeo, mzee. Utamlilia tu. Ila utakula, utalala, utashona."

Daktari akaanza kumtibu upya. Zilipita wiki nyingi kabla baba hajaomba chakula mwenyewe, na siku hiyo aliomba mara mbili.

Sasa, Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, duka hufunguliwa saa nne, kwa kuwa baba na binti huwa zahanati. Baba bado hulia siku nyingine. Akimaliza hunawa uso na kurudi kazini. Daktari hajapanga siku ya kupunguza dawa, nao hawamharakishi.