Springi Iliyolegezwa

Shokapu ya nyuma ya pikipiki ilipasuka kwenye mawe, na nesi akarushwa hadi kwenye changarawe, boksi la dawa amelikumbatia kifuani. Pikipiki ilianguka mbele yake. Mumewe, fundi pikipiki, akajikokota kutoka chini yake na viwiko vinavuja damu.

Kambi ya chumvi ilikuwa bado mwendo wa saa nzima. Huko baba yake nesi, mlinzi wa kambi, alikuwa ameumwa na nyoka mguuni asubuhi, na dawa pekee ilikuwa ndani ya boksi hilo.

Nesi akainama. Mafuta yalichuruzika kwenye shokapu, na springi yake ilikuwa imelegezwa mpaka mwisho.

"Nani kailegeza?"

Fundi akajifuta damu kwenye viwiko.

"Nakuuliza wewe!"

"Mimi. Pikipiki hii ndefu, miguu yangu haifiki chini. Springi ikilegezwa, inashuka."

"Ili wateja wasikucheke! Kijitabu cha pikipiki kimesema mkiwa wawili na mzigo, springi ikazwe. Nilikusomea mwenyewe!"

"Fundi hasomewi kijitabu."

"Baba akifa, utamwambia nini? Miguu haikufika?"

 Fundi akashika kishikio cha kukazia springi, akakizungusha mpaka viganja vikachubuka.

"Itabeba mtu mmoja tu. Mwepesi. Nenda, na maji uchukue."

"Maji yabaki kwako. Usijifanye shujaa, umeshajifanya fundi inatosha."

Nesi akaondoka na pikipiki bila kuaga. Sehemu ya nyuma ilidunda kama punda mkaidi, naye akaitukana pamoja na ukoo wa mumewe wote. Juu ya mteremko wa kokoto akasimama, akabonyeza kitufe cha kuzima kompyuta inayozuia breki ya nyuma kufunga gurudumu, kama alivyosoma kijitabuni. Akashuka gurudumu la nyuma limefungwa, likilima kokoto, meno yameuma midomo.

Baba yake alikuwa bado anapumua. Nesi alimtundikia dawa, akakaa na saa mkononi akipima uvimbe kwa kalamu, mstari juu ya mstari, hadi ulipoacha kupanda.

Mzee akafumbua macho. "Mkwe wangu yuko wapi?"

Nesi akatazama jua dirishani. Hasira ilikuwa palepale. Hata hivyo akambebesha dereva wa lori la kambi madumu mawili ya maji.

"Kaa na mzee, mama. Nitamleta mwenyewe," dereva akasema.

"Nenda naye," mzee akanong'ona. "Mguu huu hauendi popote."

Nesi akapanda lori, machozi yanamtoka.

"Kanyaga mafuta, kaka. Sijamaliza kumgombeza."