Sia Kwenye Boti ya Chacha

"Hii ndiyo nyumba yako?"

Sia alikuwa amesimama kwenye ngazi za mawe, begani ana mkoba wa vipeperushi vya maonyesho ya biashara ya Pazhou, huko huko China. Chini yake, mferejini, ilikuwa imefungwa boti ndefu, nyembamba hata watu wawili wasingepishana ndani. Juu ya paa, vitunguu majani viliota kwenye makopo ya rangi, na shati la mchumba wake likiwa limeanikwa.

"Ndiyo," Chacha alijibu, macho chini.

"Mwaka mzima unaniambia unakaa bweni la wanafunzi wa uzamivu, ghorofa ya tisa!"

"Nilikaa. Ufadhili uliisha kabla ya utafiti wangu wa maji, nikatoka bwenini. Nikaona haya kukwambia."

"Ndiyo maana hupokei simu za video?"

Sia akamwonyesha ujumbe ulioingia muda huo kutoka kwa baba yake aliyeko Moshi:

"Mwanangu, wazee wa yule kijana Rodgers wanakuja Jumamosi kukuposa. Huyo wako wa China yupo au hayupo? Nijibu leo."

"Nilikuja kukuaga, Chacha. Nilidhani una mwanamke."

Mlango wa boti ukafunguka. Akachungulia bibi wa miaka sabini, Ayi Leung, mwenye boti, aliyezaliwa humo humo. Akafoka kwa Kikantoni.

"Anasemaje?"

"Anasema maji yanajaa, lazima tukapime kina chake kule kwenye lango la mfereji. Kama ni ugomvi, tugombane tukiwa ndani."

Sia akaingia. Boti ikayumba, akamshika Chacha mkono bila kutaka. Ndani, kitanda kilikunjwa kikawa meza. Vikombe vilining'inia kwenye kamba. Kila kitu kilikuwa na ndoano yake.

"Maji ya kunywa unapata wapi?"

"Nabeba madumu kutoka sokoni, kila baada ya siku mbili. Na choo namwaga mimi. Kwa kazi hizo Ayi ananipa pa kulala."

Ayi akawasha mashine, nao wawili wakapanda kukaa paani. Alishika usukani kwa mguu huku akimenya vitunguu saumu. Maji ya mto mkubwa yalikuwa yakiingia mferejini, na boti ikipanda taratibu, mpaka madirisha ya watu yakawa usawa wa macho. Mbele, daraja la mawe liliinama.

"Lala!" Chacha alisema.

Wakalala chali. Mawe yakapita shubiri moja juu ya pua ya Sia, yenye viota vya mbayuwayu na alama za mafuriko ya zamani, moja juu ya nyingine. Mwanga wa maji ulicheza kwenye mawe hayo. Juu yao mabasi yalinguruma. Chini, Sia alisikia pumzi yake mwenyewe ikirudi.

Walipotokea upande wa pili, mfereji ulifunguka katikati ya bustani za matunda, na yangeyange mamia wakaruka kwa pamoja, weupe tupu.

"Mungu wangu!" Sia alinong'ona. "Jiji lote lile, kumbe ndani yake kuna hiki?"

"Mara mbili kwa siku maji yanarudi hivi. Zamani nilikuwa nayasoma vitabuni tu."

Sia alifuta machozi asiyoyaelewa. Kisha akamgeukia.

"Umenidanganya. Sikusamehe kwa sababu ya ndege weupe."

"Una haki."

"Nini kingine hujaniambia?"

Chacha akamshusha ndani, akavuta bahasha chini ya godoro. "Barua ya posa. Niliiandika Januari. Nikajiuliza, mtu asiye na anwani ataposaje?"

Sia aliisoma yote, akairudia. Halafu akapiga simu.

"Shikamoo baba. Yupo."

"Marahaba. Anakaa wapi?"

"Kwenye boti, baba. Alinificha, nami nimemgombeza. Lakini maji yakijaa inapanda, baba, na mimi nimo ndani. Sijawahi kuona kitu kama hiki."

"Mpe simu."

Chacha akasimama ghafla, akagonga kichwa darini. "Shikamoo baba."

"Marahaba. Unayataka maji au unamtaka binti yangu?"

"Binti yako, baba."

"Basi usimfiche kitu tena. Barua ije, wazee wa Rodgers nitawaambia wamechelewa."

Ayi Leung akauliza kumetokea nini. Sia, asiyejua Kikantoni, akaunganisha vidole viwili. Bibi akacheka mpaka vitunguu vikamwagika, akasogea pembeni na kumpa usukani.

Boti ikaenda upogo, ikagusa majani ya ukingoni. Hakuna aliyemzuia.