Wembe wa Matanga

Fabiola wa mtaa wa Nyamianda aliuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni Uvira. Kila asubuhi alimeza vidonge vyake kabla ya kujitwika beseni. Alikuwa na ugonjwa wa ini. Daktari alimweleza kwamba kinga ya mwili wake imeligeukia ini lake na kulishambulia. Ugonjwa huo hauambukizi, na vidonge huutuliza. Fabiola aliendelea vizuri, hata maneno ya majirani waliodhani anaambukiza yakaisha.

Kisha baba yake akafariki. Siku ya kumaliza matanga, ukoo ulikusanyika kijijini Mutarule kunyolewa. Desturi yao ni wembe mmoja kwa watoto wote wa marehemu, kuanzia mkubwa. Mnyoaji alikuwa shangazi yao Émérance, na Émérance, jamani, si mtu wa kubishiwa.

Alianza na Emery, kaka mkubwa, mwendesha pikipiki mwenye afya kama ng'ombe. Akausuuza wembe katika bakuli la maji, akamwita Fabiola.

"Shangazi, daktari alinikataza wembe wa mutu mwingine."

"Weye uko na hepatite tayari. Unaogopa nini tena? Mwacha mila ni mtumwa. Mwenye kukataa wembe wa ndugu zake, amekataa baba."

Neno hilo lilimchoma Fabiola, maana alimpenda sana baba yake. Akapiga magoti, akainamisha kichwa.

"Mungoje kidogo, mama," alisema Sévère, muuguzi, jirani aliyekuja kufariji.

"Docta, haya ni mambo ya familia."

"Ndiyo, mama. Na huyu ni mutoto wa familia. Tusimuue."

Sévère akaeleza taratibu.

"Hepatite maana yake ini imevimba. Sababu ni nyingi. Ya Fabiola inatoka mu mwili wake mwenyewe. Lakini iko ingine, hepatite B. Ile inaletwa na virusi. Inapita mu damu, mu tendo la ndoa, na toka kwa mama mpaka kwa mutoto wakati wa kuzaa. Kuwa na moja hakuzuie ingine. Ini yake imechoka, na dawa zake zinapunguza kinga ya mwili. Virusi ikiingia, itamuumiza kuliko sisi."

"Lakini nimesuuza wembe."

"Maji haitoshi, mama. Damu kidogo sana, hata ile jicho haione, inaambukiza."

"Na nani hapa iko mugonjwa? Emery? Mumuangalie!"

"Sijui. Na yeye hajui. Muntu anaweza kukaa na virusi miaka, anakula, anatumika kazi yake, hasikii kitu."

Émérance aliutazama wembe. "Na desturi yetu?"

"Desturi ni kunyoa, mama. Mukono wako ni ule ule. Tubadilishe wembe tu."

Shangazi alifikiri, kisha akaagiza nyembe dukani, mpya kwa kila mtu. Alimnyoa Fabiola polepole, huku akilitaja jina la baba yake. Fabiola akalia, moyo ukatulia.

Baadaye Sévère aliwapeleka watoto wote wa marehemu kupimwa. Fabiola hakuwa na virusi. Akaanza chanjo ya hepatite B, akaambiwa amalize sindano zote na asiache vidonge vyake.

Emery alikutwa na virusi. Muuguzi alimweleza kwamba atafuatiliwa na daktari, na dawa zipo akizihitaji. Mke na watoto wake nao wapimwe, wasio na virusi wachanjwe.

Emery alikaa kwenye benchi, akamtazama dada yake.

"Minye ndiye nilinyolewa mbele yako, na wembe ule ule ungekupitia weye," alisema.

Fabiola alimshika mkono, wakaenda kumwambia shangazi.