Kitambaa cha Tarumbeta

Miaka ile ya kukosa sabuni, Rahabu, jirani yetu wa kijiji cha Mamba, alifulia majani ya mpapai. Kila Jumatatu alifua kitambaa cheupe cha bendi ya kanisa. Mumewe Melkizedeki na mwenzake Erasmo walipokezana tarumbeta moja. Mmoja akimaliza, alifuta mate kwa kitambaa hicho, akampa mwenzake.

Melkizedeki ndiye aliyemfundisha Erasmo. Lakini Jumapili aliyokuja Mjerumani kuchagua mtu wa kupeleka kwao kusomea muziki, alimsikiliza Melkizedeki akiangalia saa. Erasmo alipopiga, akavua miwani akafuta macho.

“Mwalimu umepitwa na mwanafunzi!” wapiga ngoma walitania.

Melkizedeki hakucheka. Mgeni alipoondoka, alibaki kanisani peke yake, akaupiga wimbo uleule wa Erasmo hadi midomo ikavimba, akaifuta kwa kitambaa.

Jumatatu, Rahabu hakukiona kitambaa.

Miaka ikapita. Maduka ya Same yakajaa sabuni, redio na mitumba. Erasmo alikuwa mpigaji wa okestra kubwa Ujerumani, na kaseti zake zilifika hadi kijijini. Melkizedeki hakupiga tena. Alipuliza, sauti haikutoka. Baadhi ya jioni alishika kifua ghafla, akihangaika kama anayezama, kisha hali hiyo ikamwachia kwa kikohozi kikavu, mara mbili. Hospitali hawakuona ugonjwa.

Ndipo barua ya Erasmo ikaja, ikitaja siku za maonyesho yake. Rahabu akazilinganisha na siku alizomkandia mumewe kifua.

Zilikuwa zilezile.

“Baba Doris, ulifanya nini?” alimuuliza mumewe.

Alijibu kwa kunong’ona. “Nilikipeleka kitambaa kwa mganga, kule bwawani Nyumba ya Mungu. Akakitia kwenye kibuyu, akaziba kwa nta. Akasema aliyekitumia mwisho, pumzi yake itahamia kwa mwenzake. Nilitaka ya Erasmo.”

“Na siku ile mgeni alipoondoka, nani alibaki anapiga?”

Melkizedeki akamtazama.

“Mimi,” alisema.

“Basi kifungue hicho kibuyu!”

“Mganga alikataza. Na alishakufa.”

Melkizedeki akafa Alhamisi, mchana, jembe mkononi, kwenye shamba la tangawizi.

Erasmo alikuja kuzika. Alivaa suti nyeusi, na tarumbeta yake iling’aa. Kwa desturi, bendi humpigia mwenzao kaburini, na mwalimu hupigiwa na mwanafunzi wake. Akainua tarumbeta. Akapuliza.

Kimya.

Akapuliza tena.

Mdomoni mwa tarumbeta kikatoka kikohozi. Kikavu. Mara mbili. Rahabu alikijua. Alilala nacho miaka ishirini.

Erasmo akaishusha. “Shemeji,” alinong’ona, “nani amekohoa?”

Watu walikuwa wakitazama jeneza.

Waombolezaji walipotawanyika, Rahabu alikitafuta kibuyu. Kilikuwa darini, nyuma ya magunia. Nta ilikuwa nzima, vumbi juu yake nene kama blanketi. Akakipasua kwa panga.

Kitambaa kilikuwemo, cheupe, kimekunjwa, miaka yote ile.

Kilikuwa kimelowa. Kilikuwa cha moto, kana kwamba mtu amejifuta mdomo sasa hivi.