Lebo ya Asali ya Usinge

Levina alikuwa mtu wa kusifia. Ukimletea mboga, atazisifia mboga. Ukimletea mwiko uliouchonga ukapinda, atasifia hata kule kupinda. Ndivyo alivyolelewa: mtu haleti kazi ya mikono yake akaondoka bila neno jema. Tabia nzuri, nani anakataa? Lakini safari hii iliwatia wenzake matatani.

Yeye ni mwenyekiti wa kikundi cha wafuga nyuki pale Usinge. Wake kwa waume, wanarina asali msituni, wanaichuja na kuiuza kwenye duka moja Tabora mjini. Mwaka huo mwenye duka aliwaambia wazi kwamba chupa isiyo na lebo hataipokea tena. Bila duka lile, asali yao ingebaki kwenye ndoo.

Basi Levina akafungua shindano kwenye tovuti moja ya wabunifu. Utaratibu wake ni rahisi. Unaweka zawadi kwanza, tovuti inaishika. Wabunifu wanatuma michoro. Unachagua mmoja. Mshindi analipwa, na mchoro wake unakuwa wako.

Mchoro wa kwanza ulitoka kwa Samweli, mbunifu wa Bukene. Alichora mzinga juu ya mti, na alichora kweli. Levina akaandika palepale, kila mtu aone: "Hongera sana. Hii ndiyo tuliyokuwa tunaitafuta. Mungu akubariki."

Baadaye Jenifa wa Puge akatuma wake. Mtu mwingine akatuma wa tatu. Kisha kimya. Hakuna aliyeleta tena.

Kikundi kikakaa kikao. Wengine walinung'unika kwamba wameingizwa mjini. Festo, mume wa Levina, akaja na lake. Alisema wadai pesa zao, halafu wampelekee mchapaji mchoro wa Samweli auchape. Samweli yuko Bukene huko, atajuaje? Watu wakacheka, wakaona ni akili. Levina hakucheka. Lakini hakukataa pia, na jambo hilo lilimkera moyoni.

Akaenda kwa jirani yake Siwema. Siwema huchora mabango na kadi za harusi, na mara nyingine hushiriki mashindano ya namna ile. Aliusoma ukurasa wote wa shindano, akaweka simu chini.

"Dada Levina, wabunifu umewafukuza wewe."

"Mimi? Nimemshukuru tu aliyeleta kazi."

"Umemwambia kazi yake ndiyo mliyoitafuta. Nani atajisumbua kuchora, na mshindi ameshajulikana?"

Levina akaona haya. Akauliza kama pesa zimepotea. Siwema akamwonyesha masharti, yale ambayo Levina aliyapita bila kuyasoma. Michoro ikiwa michache kuliko idadi iliyotajwa, na mshindi hajachaguliwa, mteja anaweza kuomba arejeshewe pesa. Au anaweza kuongeza muda. Kila tovuti ina masharti yake, alisema, kwa hiyo yasome kabla hujalipa.

"Na tukirejeshewa, michoro je?"

"Inabaki ya wenyewe. Ukichukua pesa yako, usiguse hata mstari wa mtu." Siwema akaisukuma simu pembeni. "Mimi nilishafanyiwa. Mteja alirejeshewa pesa kwa kuwa tulikuwa wachache. Baadaye nikaukuta mchoro wangu dukani, kwenye mfuko wa unga. Niliununua ule unga, dada. Nikapika ugali, ukanishinda kumeza."

Levina alirudi kwenye kikundi akaeleza yote, hata kosa lake. Akawaambia wachague: warudishiwe pesa na michoro waiache, au waongeze muda washindanishe kwa haki. Lebo ya wizi yeye haibandiki. Festo alinuna, lakini mkono wake ulinyooka pamoja na ya wengine. Wakaongeza muda.

Levina akawaandikia wabunifu wote kwamba alikosea, mshindi hajapatikana. Kila mmoja akamwambia kizuri chake na kasoro yake. Samweli aliambiwa maandishi yake ni membamba, hayasomeki kwenye chupa ndogo. Jenifa aliambiwa rangi yake imefifia. Kwa Levina, kumwambia mtu kasoro ilikuwa kama kumeza kwinini.

Michoro ikaanza kuja, ikatosha. Wakaficha majina, wakapiga kura. Akashinda Jenifa, kwa mchoro aliourekebisha. Mwenye duka akapokea asali yote.

Lakini kabla ya kumtangaza mshindi, Levina alikuwa amemwandikia Samweli kwanza. Alimweleza kwa nini hakushinda, na kwamba mchoro ni mali yake, autumie anavyotaka. Jibu lilikuja jioni, akamsomea Festo:

"Shikamoo mama. Nimeshindwa mashindano mengi. Leo ndiyo mara ya kwanza kuambiwa sababu."

Festo akakuna kidevu.

"Mwambie mwakani tutashindanisha lebo ya nta," alisema mwishowe. "Asikose."